Pembe nane za kitambaa kimoja: kwa nini hatukushona kwa mabaki



Tangu kikundi chetu cha ushonaji kianze kazi ya mablanketi ya viraka, swali moja limetufikia kutoka pande mbili. Marafiki wafadhili wanauliza kwa adabu: kama kazi yenyewe ni ya viraka, si mabaki ya mafundi wa sokoni yangetosha? Wanachama nao wanauliza bila kuzunguka. Mama mmoja alisema mkutanoni: "Feza ya chama inanunua kikwembe kizima, halafu munachukua makasi munakikata? Kukata kikwembe ni kukata noti." Watu walicheka, lakini hakuna aliyembishia, maana amesema ukweli. Kwetu kikwembe si nguo tu. Ni akiba, ni heshima, ni kitu mama anachokificha chini ya sanduku kwa siku mbaya.

Basi swali linastahili jibu lenye kueleweka. Tumeona kwamba jibu hilo liko ndani ya historia ya kitambaa chenyewe: kimetoka wapi, kilichapwa namna gani, na kwa nini maua yake yanajirudia. Ndiyo maana ukurasa wa historia wa toleo hili tumeupa kitenge.

Blanketi la namna gani

Kwanza tueleze kazi. Mwaka 1817 mtu wa Scotland aitwaye David Brewster alipewa hati ya ubunifu kwa chombo alichokiita kaleidoskopu. Jina alilitoa katika Kigiriki, maana yake ni kutazama maumbo mazuri. Ni mrija wenye vioo ndani na vipande vya rangi mwishoni. Ukiangalia kwa tundu, vipande vichache vinaonekana kama nyota kubwa, maana vioo vinavirudiarudia pande zote. Ukizungusha kidogo, nyota inavunjika na nyingine inazaliwa.

Washonaji wa Marekani, ambao mablanketi ya viraka ni desturi yao ya zamani, waliipeleka nyota hiyo kwenye kitambaa. Tangu miaka ya 1980 mwishoni, Paula Nadelstern wa New York amejulikana sana kwa kazi hiyo, na mwaka 1996 alitoa kitabu juu yake. Mwaka 1998 mshonaji mwingine, Bethany Reynolds, alitoa kitabu cha njia nyepesi zaidi: unapanga tabaka za kitambaa kimoja, ua juu ya ua, unakata zote mara moja, na unapata vipande vinavyofanana kabisa.

Hapo ndipo siri ilipo. Nyota moja ina pembetatu nane nyembamba, ncha zote zinakutana katikati. Mzunguko mzima ni digrii 360, ukigawa kwa nane unapata 45, na hiyo ndiyo ncha ya kila pembetatu. Lakini pembetatu zenyewe lazima zikatwe mahali palepale pa ua, mara nane. Kama moja imebeba jicho la ndege, zote nane zibebe jicho la ndege. Kinyume cha hapo hupati nyota, unapata viraka tu.

Sasa chukua mfuko wa mabaki wa fundi yeyote. Utapata mkono wa blauzi, kipande cha kola, pembe ya sketi. Vipande kumi vya kitenge kimoja vitakuwa vimetoka mahali kumi mbalimbali. Kupata vinane vyenye ua lilelile ni bahati ya mwaka mzima. Mabaki hatuyatupi, tutaona baadaye yanakwenda wapi. Lakini moyo wa nyota hauwezi kutoka humo. Unataka kitambaa ambacho kinajirudia, na kinajirudia bila kukosea.

Shuka, doti na merikani

Kujirudia huko si jambo la zamani sana. Nguo za kwanza za dukani zilizofika kando ya Ziwa Tanganyika hazikuwa na maua. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani, ikipitia Tabora mpaka Ujiji, na kuvuka maji hadi Maniema, ilibeba merikani: pamba ngumu isiyo na rangi iliyofumwa Marekani, ndiyo sababu ya jina lake. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo nyeusi ya bluu kutoka India. Nguo ndiyo ilikuwa pesa. Kwa nguo ulinunua chakula cha njiani, ulilipa hongo kwa mwenyeji, ulinunua pembe za ndovu, na, tusifiche, watu nao walinunuliwa.

Kipimo kilikuwa shuka, karibu yadi mbili, na doti, shuka mbili pamoja. Wamama wetu watatabasamu hapa, kwa sababu kikwembe kimoja kinachouzwa leo Baraka, Uvira au Kalemie bado kina yadi mbili. Pisi ya yadi sita ni vikwembe vitatu. Serikali zimepita, pesa zimebadilishwa majina na kupoteza thamani mara nyingi, lakini kipimo hiki cha nguo kinakaribia kuwa kilekile. Kwa hiyo yule aliyesema kukata kikwembe ni kukata noti, alikuwa anazungumza kama mababu wa njia ya Ujiji.

Ua lilipojifunza kujirudia

Maua ya rangi isiyotoka kwa maji yalikuwa ujuzi wa India. Mafundi wa kule walipaka kwa mkono au walipiga chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Vitambaa hivyo vilipofika Ulaya, watu walivipenda mpaka wafumaji wa sufu na hariri wakaona njaa inakuja. Ufaransa ilivipiga marufuku kuanzia 1686 hadi 1759. Uingereza nayo ilitunga sheria mbili, 1700 na 1721, na marufuku ikaondolewa 1774. Watu waliendelea kuvaa kwa siri. Nguo nzuri haishindwi na sheria, hilo hata sisi tuliovuka forodha nyingi tunalijua.

Chapa ya kibao cha mbao ina kasoro moja kwa kazi yetu. Mkono wa mtu unainua kibao, unashusha, unainua tena. Mara kibao kinasogea kidogo, mara rangi ni nzito hapa na nyepesi pale. Maua yanafanana kama ndugu, si kama pacha.

Mwaka 1783 Thomas Bell, naye mtu wa Scotland, alipata hati ya mashini inayochapa kwa silinda ya shaba iliyochongwa. Silinda ikizunguka mara moja, picha yote imechapwa. Ikizunguka tena, picha ileile inaanza upya. Umbali kutoka ua moja hadi pacha wake ni sawa na mzunguko wa silinda. Mafundi wanauita urudio, na neno hilo tunaomba kila mwanachama alikumbuke, kwa sababu ndilo tunalolipima sokoni. Bila silinda hii, kazi ya nyota nane ingekuwa ya watu wenye subira ya pekee.

Kutoka Java hadi soko letu

Kitenge tunachokiita waksi kina njia nyingine. Kule Java, katika Indonesia ya leo, watu walichora kitambaa kwa nta ya moto, wakakitia rangi, halafu wakaondoa nta. Palipokuwa na nta rangi haikuingia. Waholanzi waliotawala kule walitaka kuitengeneza nguo hiyo kwa mashini na kuiuza kwa bei ya chini. Huko Haarlem, katika miaka ya 1850, kiwanda cha Prévinaire kilikuwa na mashini iliyopaka utomvu badala ya nta, pande zote mbili za kitambaa kwa pamoja. Huko Helmond, kampuni tunayoijua leo kwa jina Vlisco ilianzishwa 1846.

Lakini utomvu ulipasuka. Rangi ikaingia kwenye nyufa na kuacha mishipa midogo kila mahali, tena isiyofanana. Watu wa Java hawakupendezwa nayo. Afrika ya Magharibi waliipenda. Katika miaka ya 1890 mfanyabiashara wa Scotland, Ebenezer Brown Fleming, aliipeleka Gold Coast, Ghana ya leo, na kutoka pwani ile waksi ikaenea hadi Kongo. Kasoro ya kiwanda ikawa alama ya ubora. Hata leo mama anayejua nguo anatafuta ile mishipa kabla ya kuuliza bei.

Kongo haikubaki mnunuzi tu. Kuanzia 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima kulima pamba. Wazee wetu waliilima kwa viboko na kwa bei iliyopangwa na wengine. Pamba hiyo ilisokotwa na kufumwa kwa Utexléo mjini Léopoldville, na kwa Filtisaf mjini Albertville, yaani Kalemie yetu, kando ya ziwa hilihili. Baada ya uhuru ikaja Sotexki ya Kisangani. Katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya kurudi kwenye asili, Mobutu aliwataka wanawake waache suruali na wavae kikwembe, na sura yake mwenyewe ikachapwa juu ya nguo walizovaa katika sikukuu za chama.

Halafu mambo yakaanguka. Ufisadi, uporaji wa 1991 na 1993, vita, na nguo za bei rahisi kutoka nje, vyote vilikuja juu ya viwanda vilivyokuwa vimechoka. Filtisaf ilinyamaza. Kiwanda cha Kinshasa, kilichokuwa kimepewa jina la Congotex, kilifungwa 2007. Leo sehemu kubwa ya vitenge vinavyouzwa huku mashariki vinatoka China, vinapita Dar es Salaam, Kigoma, Bujumbura au Kampala. Nchi iliyolima pamba kwa kulazimishwa sasa inanunua ua lake kwa dola. Tunaliandika hili siyo kwa kulalamika tu. Lina maana kwa mshonaji: soko limejaa nguo za namna nyingi zenye maneno yaleyale kwenye ukingo, na jicho lisilofundishwa linalipa bei ya waksi kwa nguo isiyo waksi.

Namna tunavyochagua

Basi tufike sokoni. Haya ndiyo kikundi kimekubaliana, na wanachama wengine wanaweza kuyatumia hata wakinunua nguo ya kuvaa.

Usichague kitambaa kikiwa kimekunjwa. Mwuzaji atakuonyesha ua zuri lililo juu, lakini urudio hauonekani mpaka nguo ifunguliwe. Omba kwa upole kukifungua. Shika alama moja, tuseme mdomo wa ndege, fuata ukingo mpaka mdomo wa ndege mwingine wa namna ileile, na upime kwa tepu. Zidisha kwa nane. Kama urudio ni sentimita 60, unahitaji mita 4 na 80, na pisi ya yadi sita ina karibu mita 5 na 48. Inatosha, na kinabaki kidogo. Kama urudio ni sentimita 90, unahitaji mita 7 na 20, na pisi moja haitoshi, isipokuwa ua linajirudia pia kwa upana.

Geuza nyuma. Nguo iliyochapwa upande mmoja ina mgongo mweupe au wenye rangi iliyofifia. Waksi ya kweli ina rangi pande mbili. Kisha tafuta mshipa mmoja wa ufa na uangalie kwa pacha wa ua lile. Kama mshipa uleule upo palepale, huo haukupasuka, umechapwa: ni waksi ya kuigiza. Kama mishipa ni tofauti, utomvu ulipita hapo kweli.

Hapa tuliona jambo lililotufurahisha. Tulidhani waksi ya kweli ndiyo itakuwa bora kwa kila kitu, kwa sababu ndiyo ya bei. Sivyo. Nguo ya kuigiza inarudia ua bila kosa hata la uzi, na hilo ndilo nyota inalitaka. Lakini ina upande mmoja tu wa kuonyesha. Pembetatu zake nane zote zinatazama upande uleule, na nyota inaonekana kama inazunguka, kama feni. Nzuri, lakini siyo kioo.

Waksi yenye pande mbili inatoa kingine. Pembetatu nne unaziweka kwa uso, nne unazigeuza kwa mgongo, moja hivi moja vile. Sasa kila jirani anamtazama jirani yake kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Hivyo ndivyo vioo vya Brewster vinavyofanya kazi, na kwa nguo ya upande mmoja huwezi kukipata, ila kama ua lenyewe lina pande mbili zinazolingana, kushoto na kulia, na wewe unakata katikati yake kabisa. Mishipa ya waksi haitafanana, ni kweli. Nyota inakuwa na mwendo kidogo, haikai kimya kama iliyotoka kwa mashini. Wamama walipoulizwa wanapenda ipi, waligawanyika. Kwa hiyo tunashona za namna zote mbili, na bei yake hailingani.

Angalia ukubwa wa ua. Vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa havifai, kwa sababu kila mahali ni sawa na mahali pengine, na nyota zote zitafanana. Nguo yenye ndege mkubwa, majani marefu, nafasi tupu hapa na msongamano pale, rangi nyeusi karibu na ya njano, hiyo ndiyo yenye kushangaza. Mara nyingi kitenge ambacho hakuna anayetaka kukivaa, kwa kuwa ua lake ni kubwa mno au rangi zinapiga kelele, ndicho kinachotoa nyota nzuri kuliko zote. Na mwuzaji anapunguza bei.

Chukua vioo viwili. Vidogo, vya kujitazamia, vya mraba. Vifunge kwa skochi ubavuni kama kitabu, vifungue nusu ya pembe ya daftari, yaani digrii 45, na uvisimamishe juu ya nguo. Utaiona nyota nzima kabla ya kukata uzi hata mmoja. Wauzaji wa soko wamezoea sasa, watoto wao ndio wanaokuja kuchungulia.

Mwisho, jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe na usugue kwenye pembe. Kama cheupe kimegeuka chekundu, blanketi zima litachafuka siku ya kwanza ya kufuliwa. Na nguo ikifika nyumbani ifuliwe kabla ya kukatwa, ianikwe kivulini, ipigwe pasi. Ile dawa ya kufanya nguo iwe ngumu ikitoka ndipo unajua umenunua pamba au umenunua wanga.

Hesabu ya pisi moja

Tuwaonyeshe wafadhili hesabu, maana pesa ni yenu pia. Chukua pisi yenye urudio wa sentimita 60 na upana wa karibu mita 1 na 20. Tunaikata mara nane kwenye urudio, tunapanga tabaka nane ua juu ya ua na kuzibana kwa pini. Kwenye sentimita 60 zinapatikana kanda mbili zenye urefu wa sentimita 21. Kila ukanda unatoa pembetatu 12, moja juu moja chini. Hizo ni pembetatu 24, na kila moja ina tabaka nane. Kwa maneno mengine, pisi moja imetoa nyota 24. Kama ua halijirudii kwa upana, hakuna nyota mbili zinazofanana, ingawa zote zimezaliwa na nguo moja.

Baada ya kushona, nyota moja ina upana wa karibu sentimita 36. Nne kwa tano ni nyota 20, zinatosha blanketi la kitanda, na zinabaki nne kwa mito. Na mabaki? Ndiyo yanaingia hapa. Kila nyota ina pande nane, na ili iwe mraba inahitaji pembetatu ndogo nne kwenye pembe zake. Hizo zinatoka kwa mabaki ya mafundi, nguo nyeusi au ya rangi moja. Ukingo wa blanketi pia ni mabaki. Kwa hiyo, marafiki, mlikuwa na haki nusu: mabaki yanashika nyota, ila hayawezi kuwa nyota.

Kanga za Kigoma

Wengi wetu tulikimbia mwaka 1996 na baada yake, tukavuka ziwa, tukakaa Nyarugusu na Lugufu miaka mingi. Kurudi kwa mitumbwi na meli kulianza 2005, Lugufu ikafungwa 2009, na ndugu wengine wako Nyarugusu hadi sasa. Kule wamama walijifunza kanga. Tulirudi nazo, zimefunga watoto, zimefunga mizigo.

Kanga haijirudii kama kitenge. Ina ukingo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani msemo wake. Kwa hesabu ya urudio tungesema haifai. Lakini kanga zinauzwa mbili mbili, doti. Kanga moja ina pembe nne, na mara nyingi ua la pembe ya kushoto linatazamana na la kulia kama kwenye kioo. Doti moja basi ina pembe nane: nne zinaelekea huku, nne zinaelekea kule. Ni hesabu kamili ya nyota moja ya vioo, bila kugeuza mgongo.

Tulifurahi kuiona, halafu tukanyamaza. Doti nzima kwa nyota moja ni gharama kubwa. Tena kanga iliyobaki haina pembe, haifai kuvaliwa. Na msemo uliowekwa pale na mtu aliyeitoa kama zawadi unabaki unaning'inia kwenye nguo iliyokatwa.

Nguo ambayo haikatwi

Hapo ndipo mkutano ulipokuwa mrefu. Baadhi ya vijana wa kikundi walisema: kila familia ilete kitenge cha zamani, tukate, blanketi liwe na historia yetu yote, wageni watalipenda zaidi. Ni wazo zuri, na si la kudharau. Lakini mama mukubwa mmoja, aliyerudi na mashua za kwanza, alijibu: "Kikwembe cha mahari yangu nilikivusha maji mara mbili. Sikukiuza siku tulilala njaa. Leo nikikate kusudi mugeni alalie?"

Tulijifunza kutoka kwake kwamba kuna nguo za namna tatu ndani ya sanduku la mama. Kuna ya kuvaa. Kuna ya akiba, ambayo siku ya hospitali inageuka pesa. Na kuna ya kumbukumbu: ya mahari, ya msiba, ya mtoto aliyefungwa mgongoni siku ya kukimbia. Ya kwanza inakatwa. Ya pili ikikatwa, familia imepoteza benki yake. Ya tatu hakuna chama chenye haki ya kuiomba, hata kwa sababu nzuri, kwa maana mtu akiombwa mbele ya wenzake anaona haya kukataa.

Kwa hiyo mkutano umekata shauri hivi, na tunaliandika ili lijulikane na wote. Chama kinanunua pisi mpya kwa pesa ya kikundi, na risiti zinabandikwa ukutani. Hakuna familia itakayoombwa kutoa nguo yake. Mtu akileta mwenyewe, kwa hiari, anapewa siku saba za kufikiri kabla makasi hayajagusa kitambaa, na katika siku hizo anaweza kukichukua bila kueleza. Vitenge vya tarehe 8 Machi vya miaka iliyopita tunavipokea kwa furaha, kwani vingi vimekaa tu, na maua yake ni makubwa. Kanga hazikatwi. Faida ya kila blanketi linalouzwa inaingia kwenye mfuko wa msaada wa magonjwa na misiba, kama mkutano mkuu ulivyoamua.

Kwa wafadhili tunaongeza ombi. Wengine wenu mmeandika kwamba mngependa kututumia vitambaa kutoka kwenu. Asanteni, lakini tafadhali msitume vipande vilivyokwisha kukatwa. Mkituma, tumeni kitambaa kizima chenye urudio nane, kipimwe kwanza. Au tumeni gharama yake, sisi tununue hapa, mama wa sokoni naye apate. Kwa kazi hii vioo vidogo, makasi makali na tepu za kupimia vinatusaidia zaidi kuliko mfuko mkubwa wa vipande.

Na kwa wamama wa kikundi: siku ya soko ijayo tunakwenda pamoja, tukiwa na tepu na vioo. Atakayeona kitenge kibaya ambacho hakuna anayekitaka, asikipite. Akifungue, akipime, akigeuze nyuma.